Kokwa Nne za Shamis

Jumatatu, 6 Oktoba

Sabrin, ukisoma daftari hili nitakukata masikio! Mjukuu mzima, siku ya tatu umeikodolea macho kompyuta, sufuria zinaota ukungu.

Nikamuuliza anatafuta nini humo. Eti kosa kwenye keneli, mkubwa wa kompyuta anayegawa kazi. Prosesa ina vimfuko vichache vya kushikia hesabu ya sasa hivi, vinaitwa rejista. Programu ikisimamishwa ichunguzwe, keneli kwanza inanakili rejista zote na kuziweka kando. Mchunguzi anaisoma ile nakala. Akiibadilisha, keneli inarudisha hesabu hizo hizo za uongo, na programu inaendelea bila kujua imeguswa. Kosa lake Sabrin: rejista moja hairudi.

Nikaacha kufoka. Huyo si Shamis?

Shamis, jirani yangu wa soko la maziwa. Kila asubuhi anampimia mteja wake Saynab vikombe ishirini vya maziwa ya ngamia. Akisalimiwa katikati, anapanga kokwa za tende mkekani, moja kwa kila kikombe, ndipo anajibu. Na Saynab anaoza binti mwezi huu. Maziwa ya harusi lazima yawe yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilimsalimu Shamis kwa urefu. Ngamia, mvua ya Ijara, goti lake. Huku natia kokwa nne za ziada mkekani. Saynab akaondoka na vikombe kumi na sita. Alhamdulillahi!

Akarudi amewaka. Shamis akaapa ni bahati mbaya, akamimina vinne, na cha tano cha msamaha. Saynab akatangazia soko zima kwamba mwaminifu ni Shamis. Mimi nikaambiwa niige.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimegeuza. Leo nimeondoa nne, apate hasara. Saynab kapata ishirini na vinne. Akasema mkono wa Shamis ni wa baraka. Mshenzi!

Sabrin kacheka mpaka kashika mbavu. Eti nabadilisha nakala vizuri sana, ila sijui programu itafanya nini nayo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saynab kataka kunijaribu na mimi, apime kabla ya harusi. Vikombe ishirini. Nilikuwa kwenye cha tisa, au cha kumi na moja, Shamis akaja. Abaayo Ubah, dada yangu, habari za mbuzi? Za Liboi? Mjukuu kaolewa? Salamu haikatwi, nikajibu zote. Kisha nikamimina kwa kukisia.

Kumi na saba. Harusi imekwenda kwa Shamis. Akaniinamia sikioni: abaayo, panga kokwa kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Nyumbani Sabrin anaruka. Kosa amelipata, rejista zote zinarudi, na kampuni iliyompa jaribio hilo imempa kazi. Naye akaniambia hayo hayo ya kokwa.

Mimi? Nina kichwa changu! Kilichokosekana ni mtu wa pili. Sabrin, najua unasoma. Kesho amka mapema, umsalimie Shamis upande wa kushoto. Mimi nitakuwa kulia. Na vaa buibui yenye mifuko ya kutilia kokwa.