Taa ya Mzee Peng Haisemi Hapana

Jumatatu, 14 Oktoba. Upepo wa mji wetu wa Hsinchu umeninyang'anya kofia langoni mwa kiwanda. Bosi, Injinia Pei-hua, binti wa umri wa mjukuu wangu, ametangaza: kati yetu mafundi wazee wawili, mmoja tu ataongezewa mkataba. Mimi au Tseng. Kila mtu kapewa bodi yake ya majaribio, yenye chipu na taa. Ndani ya chipu kuna mapigo ya umeme yanayoingia na yanayotoka. Saketi huyachelewesha yanayotoka mpaka yaende sambamba na yanayoingia, kisha taa ya kijani huwaka. Sasa taa inachelewa, inapepesa. Tuitengeneze kufikia Ijumaa. Nimetikisa kichwa kama aliyeelewa. Wapi! Lakini nikikosa mkataba nitafanya nini? Nikae nyumbani nimtazame mke wangu akitazama tamthilia?

Jumanne, 15. Nimemchokonoa Tseng anafanyaje. Eti anahesabu: mapigo yakilingana mara mia na ishirini na nane mfululizo, ndipo taa iwake. Mtu mzima anahesabu! Alipokwenda chooni nikaiondoa pakiti yake ya kijani ya bisi, ile tunayoiweka juu ya mashine kama hirizi ili zitulie, nikaweka ya manjano. Kila mtu hapa anajua manjano huzitia mashine kiburi. Jioni mashine ya Tseng inapeta. Yangu imezimika. Yangu kwa nini?

Jumatano, 16. Nimeipata siri! Kuna skrubu ndogo inayoamua mapigo yakaribiane kiasi gani ndipo yaitwe sawa. Nimeilegeza: taa ikawaka upesi. Nikazidisha: upesi zaidi. Nikailegeza mpaka mwisho. Inawaka kabla sijatoa kidole kwenye swichi! Nikamwita Tseng aumie roho. Akasema, we Peng, taa yako kama mkwe mpya, lolote aulizwalo, hewala. Nikamwambia hewala haigombi.

Ijumaa, 18. Siku yenyewe. Taa ya Tseng ikajikongoja, ikawaka. Yangu, pap! Nikainua kidevu. Yule binti akachomoa waya unaoleta mapigo. Ya Tseng ikazima. Yangu? Inawaka tu! Nikasema hiyo ndiyo bidhaa imara. Akauliza kwa upole, Babu Peng, hapa kimelingana nini na nini? Nikafikiri. Nikajibu: kimya na kimya. Tseng akacheka hadi akashika meza. Pei-hua hakucheka. Akarukia daftari, akaandika ukurasa mzima. Nimekosea au nimepatia? Hakuna wa kuniambia.

Jumatatu, 21. Mkataba kapewa Tseng. Nikaanza kukusanya vikombe vyangu. Pei-hua akaniita. Eti kumbe hata chipu ya kampuni yenyewe hudanganyika kwa kimya, na wasomi wote hawakuliona hilo mpaka jibu langu lile la Ijumaa. Basi nibaki mwaka mmoja: Tseng atengeneze, mimi niharibu. Akasema taa itakayomshinda Babu Peng imeushinda ulimwengu.

Kuharibu? Mimi? Nimelitafakari hadi chakula cha mchana na sasa nimeelewa: kwa adabu zake, ameona haya kusema mbele ya Tseng kwamba mimi ndiye mkuu wake. Nimemwendea Tseng, nikamshika bega, nikamwambia asiogope, nitamfundisha kazi polepole.

Amenikodolea macho. Wivu, maskini.