Kopo la Daisy Juu ya Bomba la Mvuke

Jumatatu, 6 Oktoba

Boila limezimwa! Kiwanda chetu cha kufua shuka za hoteli, hapa Woolwich, leo kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Kila mwaka kabla ya baridi, fundi Paresh hutoka Rayners Lane kuja kulifungua. Mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kinawashinda wanangu. Akaingia kichwa kwanza ndani ya lile tumbo la chuma, nje zikabaki nyayo tu. Akakwangua chokaa ya maji ya London huku akilitukana boila kama ng'ombe mkaidi. Mwanamume huyo! Nilisahau kusafisha pasi yangu.

Ijumaa anakuja mkaguzi. Meneja Tom amesema boila likianguka ukaguzi, kazi inahamia Croydon na sisi tunakaa nyumbani. Umri huu wangu, nani atanichukua? Nimeamua kumsaidia Paresh. Yeye hajui bado.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempelekea chapati na maharagwe. Daisy wa meza ya kukunja shuka, adui yangu, kampelekea mandazi ndani ya kopo la bati. Akayasifu mandazi! Chapati zangu akasema zinatosha. Zinatosha! Neno gani hilo?

Nikamwuliza nimshikie nini. Akajibu, "Mama, shika pasi yako tu." Adabu za mafundi.

Jumatano, 8 Oktoba

Aibu! Bomba la mvuke juu ya pasi zetu limelala upande, kama kitanda kilichovunjika mguu. Mkaguzi aone hivyo? Paresh alikuwa ametoka kununua gasketi, mpira wa kuziba maungio. Nikapanda toroli la nguo chafu, nikainua ncha ya chini kwa bega, nikaiwekea kitu cha kuishikilia. Kitu kilichokuwa karibu kilikuwa kopo la Daisy. Tupu. Bomba sasa limenyooka sawasawa. Nimelitazama kwa raha mpaka shingo ikaniuma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jamani! Wamewasha boila. Mvuke ulipofika kwetu: GO! GO! GO! Kama mtu kafungiwa ndani ya bomba na nyundo. Tom akatoka mbio na kikombe cha chai mkononi. Mimi chini ya meza, na Daisy nimemvuta naye, uadui kando.

Paresh peke yake hakukimbia. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni, akasikiliza kama daktari, akasogea, akasikiliza tena, mpaka akafika juu ya pasi yangu. Ndipo akafunga mvuke, polepole. Fundi! Akachomoa kopo.

Tom akauliza ni la nani. Macho yote kwa Daisy. Akaanza kuapa si yeye, maana watoto wake wanakula kwa kazi hii. Nikasema, "Kopo ni lake. Akili ni zangu."

Tom akawa mwekundu. Paresh akaeleza kwamba bomba limeinamishwa makusudi: mvuke ukipoa unageuka maji, na maji lazima yapate njia ya kutoka. Yakikwama, mvuke unayabeba na kuyabamiza. Kisha akamwambia Tom bomba halijapasuka, na kosa ni lake yeye Paresh, kumwacha shosho huyu, bibi mzima, bila mlinzi. Nikampenda zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumepita! Mkaguzi alizunguka na tochi, akagonga, akachungulia, akatia sahihi. Akauliza nani analitunza boila namna hii. Paresh akasema ni yeye, bila haya hata kidogo, na ni kweli. Kazi haiendi Croydon! Daisy kanikumbatia, kaleta mandazi ndani ya lile kopo lililobonyea. Andazi kubwa kuliko yote likawa langu. Mtoto mzuri, kumbe.

Tukitoka mlango wa nyuma Daisy akateleza. Kuna kijibomba ukutani, kinatoka kwenye boila, kinadondosha maji ya moto kutwa, hapohapo tunapokanyaga. Barafu ikija si atavunjika kiuno, mtoto wa watu? Paresh alikuwa ameshapanda treni. Nikajaribu kizibo cha chupa yangu ya chai.

Kimeingia barabara.