Ukurasa wa Nane Nimeufundisha Vizuri Mno

Leo nimevuliwa nguo na watoto wa darasa la kwanza. (Nguo za mwilini ninazo, tulieni.)

Mnajua niko mazoezi ya kufundisha hapa Katandala, Sumbawanga. Leo mkufunzi wangu wa chuo alikuwa anakuja kunikagua. Nikifeli, mazoezi narudia mwakani, na mama yangu huko Mbeya ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni mwalimu. Sasa mimi si mjinga. Wiki mbili nzima nimewafundisha watoto ukurasa mmoja tu. Wa nane. Nasoma, wanaitikia. Nasoma, wanaitikia. Mpaka wanauimba chooni!

Saa tatu mzee mkufunzi akaingia, koti limefungwa hadi kidevuni kwa baridi ya huku. Akakaa nyuma na fomu yake. Nikamwinua Skola, kabinti kadogo kenye sauti ya king'ora.

"Baba analima ulezi. Mama anapika ugali."

Kidole kinatembea kwenye mstari, raha tupu! Mzee anatabasamu. Nikaanza kujiona.

Mara akasimama, akachukua kitabu cha Skola, akafungua ukurasa wa ishirini, akamrudishia. "Haya mwanangu, soma na hapa."

Skola hakutetereka. Kidole kwenye mstari: "Baba analima ulezi. Mama anapika ugali."

Jasho likanitoka. Sumbawanga, mwezi wa saba, jasho!

"Endelea," mzee akasema taratibu. Nikamkonyeza Skola anyamaze. Akadhani namhimiza.

"Kaka anachunga ng'ombe. Nyie wa nyuma acheni kusukumana. Dada anateka maji. Haloo, shikamoo mkufunzi."

Mungu wangu! Jumatatu simu yangu iliita katikati ya somo, nikapokea hapohapo mbele ya darasa. Kumbe hawa viumbe na simu wameiweka kwenye somo!

"Inatosha Skola, kaa chini!"

Thubutu. Darasa zima likadakia kwa sauti moja, na lafudhi yangu ya Kimbeya humohumo:

"LEO USIJE MKUFUNZI! NIMELAZWA! TUMBO LA KUHARISHA!"

Na aliyepiga simu Jumatatu ni nani? Ndiyo yeye. Tena alinipa pole ya dhati, maskini. (Bahati watoto hawakuisikia, wangeisoma nayo.)

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Tumbo linaendeleaje, mwalimu?"

"Limepona. Shikamoo." (Shikamoo ya nini tena? Nilishamwamkia mlangoni!)

"Marahaba," akajibu, huku anaandika. Nikachungulia fomu: "Watoto wanamsikiliza sana mwalimu. Kusoma bado." Akaniambia atarudi Alhamisi ijayo, na ukurasa atachagua yeye.

Kwa hiyo nina wiki moja. Kama humu kuna mtu anayejua watoto wanafundishwaje kusoma kweli kweli, aniambie sasa hivi. Kucheka mtacheka Ijumaa.