Ziada ya Mtu Mmoja

Kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, hapana mtu yeyote atakayekuwepo katika Kombania ya Tatu bila idhini ya kuwepo. Atakayetaka kutokuwepo ataomba idhini ya kutokuwepo siku saba kabla ya kukosekana, kwa nakala tatu.

Tangazo hilo lilipigiliwa misumari kwenye mlango wa bohari pale Bangwe, na Kapteni Bonaventura, mkuu wa kombania, alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, akilisoma kama mtu asomaye barua ya mchumba. Alikuwa amelitunga mwenyewe. Koplo Eliakimu, karani wa kombania, ndiye aliyelipiga chapa. Lilikuwa jambo la lazima. Mwaka ule vita vya ng'ambo vilikuwa vinamwaga watu ziwani, boti zinashusha Kagunga, zinashusha Kibirizi, zinashusha Bangwe, na kila mwenye mamlaka Kigoma alikuwa anahesabu watu. Mkoa unahesabu, mashirika yanahesabu, mapadri wanahesabu. Kapteni aliona haya jeshi kubaki nyuma.

"Adui wa kombania," alimwambia Eliakimu, "si mtu mwenye bunduki. Ni mtu asiye na mstari wake kwenye daftari."

"Ndiyo, afande."

"Iandike hiyo."

Eliakimu akaiandika. Kisha, kwa heshima zote, akasogeza mezani karatasi nyingine. Ilikuwa barua ya kuomba likizo, ya nne tangu Pasaka. Kwao Machame, binti aitwaye Aikande alikuwa amekwisha kushona gauni, ndoa ikaahirishwa. Gauni likapunguzwa kiuno, ndoa ikaahirishwa tena. Sasa ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na katika barua yake ya mwisho Aikande aliandika kwamba baba yake ameanza kumsifia Mwalimu Walter, mwenye pikipiki. Treni ya kumfikisha Eliakimu kabla ya pikipiki ilikuwa ya Alhamisi.

Kapteni hakuishika kalamu.

"Likizo ni kupungua, koplo. Siwezi kupungua kabla sijajua niko wangapi. Hesabu ikitulia nitasaini."

Lilikuwa jibu la haki. Nyaraka nyingine zote, za sabuni, za maharage, za viatu, hata barua ya kumpongeza Kapteni kwa uongozi wake, Eliakimu alizisaini mwenyewe kwa niaba ya mkuu wa kombania. Kwa miezi minane Kapteni alikuwa hajaitia kalamu yake wino. Lakini kanuni iko wazi: hakuna askari anayejisainia likizo yake. Eliakimu aliiheshimu kanuni hiyo kwa sababu ndiye aliyeipiga chapa.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa na juu ya kombania bila ubaguzi. Askari walijipanga wakiwa wamevaa fulana za mazoezi. Sajinimeja Feliksi, Muha wa Kasulu mwenye sauti ya kuamsha kijiji cha jirani, aliamuru hesabu. Hesabu ilianzia mbili. Moja alikuwa Kapteni, na moja haitajwi kwenye mstari. Moja inajulikana ilipo, nayo asubuhi hiyo ilikuwa hemani mwake, uso mzima povu, ikinyoa ndevu.

Mbili. Tatu. Nne. Sauti zikatembea ndani ya ukungu mpaka mia na moja, mia na mbili.

"Mia na tatu," ikasema sauti ya mama mtu mzima, bila haraka.

Sajinimeja akaifuata sauti mpaka mwisho wa mstari. Akamkuta mwanamke amesimama wima kuliko askari wote, kitenge kimefungwa barabara, sufuria mkononi.

"Mama, wewe nani?"

"Miye Rozalia. Nimetoka Baraka, ng'ambo."

"Unafanya nini hapa?"

"Niko mu mulolongo, papa. Ba mbele bakipata, na miye nitapata."

"Hapa hatugawi kitu."

Rozalia akauangalia mstari mzima, kuanzia mwanzo wake mpaka kwake mwenyewe.

"Sasa batu yote hii banasimamia nini asubuhi mubichi?"

Katika miaka kumi na tisa ya utumishi hakuna aliyewahi kumuuliza Sajinimeja swali hilo.

Alipofika hemani kutoa taarifa, mambo yalikuwa yamekwisha kwenda. Kapteni aliisikia mia na tatu kwa masikio yake na papo hapo akamwamuru mtu wa redio aipeleke makao makuu.

"Afande, yule wa mwisho ni mkimbizi. Ni mama wa watu."

"Aliitika?"

"Ego, afande. Aliitika."

"Kwa namba yake sahihi?"

"Sahihi kabisa."

"Basi yumo," alisema Kapteni, akafuta povu. "Siwezi kuwaambia makao makuu kwamba nilihesabu halafu nikajikanusha. Mpeni blanketi."

Jibu la makao makuu lilifika kabla ya chai. Lilisema hongera. Kombania zote zinapungua, kwa malaria, kwa kozi, kwa misiba. Ya Tatu peke yake imeongezeka. Tunataka maelezo ya mbinu. Kapteni alimsomea Eliakimu aandike kurasa nne zenye kichwa Ongezeko kwa Njia ya Nidhamu, na Eliakimu akazisaini kwa niaba.

"Afande, kwa kuwa hesabu sasa inajulikana," alisema, akisogeza barua yake, "naona kama imetulia."

"Imeongezeka, koplo. Kinachoongezeka hakijatulia."

Rozalia, kwa upande wake, alilipokea blanketi, akauliza jikoni ni wapi, akaenda. Jumatatu mchana alionja maharage ya kombania na kumwomba mpishi, kwa upole, aketi pembeni. Jumanne kukawa na dagaa waliokaangwa kwa mawese. Jumanne hiyo hiyo aliingia hema la wagonjwa na kugundua kwamba wagonjwa wanne wa malaria walikuwa wanaficha vidonge chini ya godoro ili waendelee kulala. Akakaa mbele yao na kikombe cha maji mpaka kila kidonge kikapita. Jioni wote wanne walikuwa wanachimba choo.

Eliakimu alimkuta akiziba matobo ya chandarua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mutoto yangu. Ni wewe ule wa kuoa?"

"Nani amekuambia?"

"Balinzi ba geti. Banasema kila siku unaandika barua kwa mutu mwenye anakaa mita kumi na wewe." Akakata uzi kwa meno. "Kwetu mutu akikaa mita kumi, unamuita."

"Jeshini haiwezekani, mama. Lazima ipitie njia sahihi."

"Sasa njia sahihi inapitia wapi?"

"Inapitia kwangu."

Rozalia alimtazama kwa huruma ileile aliyowatazamia wagonjwa wa vidonge, akamkabidhi sindano ya pili.

Jumatano redio ilinguruma tena. Safari hii walikuwa watu wa idara nyingine, watu wa ikama, ambao hawasomi barua za pongezi. Ikama ya Kombania ya Tatu, yaani idadi iliyoruhusiwa, walisema, ni watu mia na wawili. Mna mia na watatu. Ziada ni mmoja. Ziada aorodheshwe leo na kuwasilishwa kwa treni ya kesho. Luteni atakuja kumchukua.

Kapteni hakutetereka. Alijifungia saa nzima na rula, akatoka na fomu yenye safu tatu: jina, cheo, kazi aliyoifanya tangu Jumatatu. Chini yake maneno haya: Ambaye safu yake ya tatu itakuwa wazi ndiye ziada.

"Yule mama atajiondoa mwenyewe kisayansi," alisema. "Hana cheo, hana zamu, hana bunduki. Ataandika nini?"

"Na hapo tutakuwa mia na wawili, afande."

"Hapo nitasaini barua yako. Niliahidi."

Eliakimu akazunguka kambi nzima na fomu. Moyo wake ulikuwa mzito, maana Jumanne usiku alikuwa amekula sahani mbili. Lakini treni ni treni. Lukas alichimba choo. Patrick alilinda geti. Mtu wa redio alipokea hongera. Ilipofika zamu ya Rozalia, Eliakimu aliuliza swali la fomu, na watu waliokuwa karibu wakalijibu kabla yake. Amepika. Amewamezesha watu dawa, halikupatikana neno zuri zaidi. Ameziba vyandarua kumi na vinane. Amepatanisha platuni ya kwanza na ya pili ambazo hazikuwa zikisalimiana tangu mechi ya mwezi wa pili. Amemwambia Sajinimeja akaoge, na Sajinimeja ameoga. Nafasi ikaisha. Eliakimu akagundisha karatasi ya pili kwa ugali.

Alirudi ofisini ana jina moja tu lililobaki, nalo lilikuwa la kwanza.

"Afande, kwako niandike nini?"

Kapteni alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa jua linafanya kazi gani.

"Kazi ya mkuu ni kuwepo, koplo. Haiingii kwenye kisanduku. Acha wazi."

"Wazi kabisa, afande?"

"Wakubwa wanasoma nafasi wazi vizuri kuliko maneno. Peleka."

"Hutaki kuipitia kwanza?"

"Nimeibuni mwenyewe. Nitaipitia kwa nini?"

Majina mia na matatu yakasomwa redioni, jina na kazi, jina na kazi, mpaka betri ikachoka. Eliakimu akasaini kwa niaba.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Luteni mmoja mwembamba alishuka kwenye Landrova na polisi wawili wa jeshi. Alipigiwa saluti, akakaribishwa chai na Rozalia, akaiangalia orodha, akamwangalia Rozalia, akarudi kwenye orodha na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Yumo. Kisha akasimama mbele ya Kapteni Bonaventura.

"Afande, begi lako liko tayari?"

"Begi la nini?"

"Ziada ni wewe. Safu ya tatu, mstari wa kwanza."

Kapteni alieleza. Alieleza vizuri, kwa dakika ishirini, kuhusu kuwepo, kuhusu visanduku, kuhusu moja ambayo haitajwi. Luteni alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kuwa fomu ni nzuri sana, makao makuu wameipenda, itatumika nchi nzima, na je, aliyeibuni ni nani?

"Ni mimi," alisema Kapteni kabla hajajizuia.

Hapo ndipo Kombania ya Tatu ilipoona jambo ambalo haijawahi kuliona. Kapteni alitoka ofisini akitafuta kazi. Alikwenda chooni akaomba jembe. Lukas akamwambia kwa masikitiko kwamba choo kimekamilika. Alikwenda getini, Patrick akasema zamu yake inaishia saa nane. Alikwenda jikoni akanyoosha mkono kwenye mwiko.

"Papa, mwiko iko na mutu yake," alisema Rozalia. "Kaa hapo nikupe uji."

"Sitaki uji. Nataka kazi. Kazi yoyote, mama."

Rozalia alifikiri kweli kweli, maana hakupenda mtu atoke jikoni kwake mikono mitupu.

"Kazi yote ya hapa bameshaigawanya. Imebakia moja tu. Ile barua ya mutoto."

Kapteni akarudi ofisini kwa mwendo wa haraka. Eliakimu alikuwa tayari ameitandika mezani, nakala tatu. Kalamu ya Kapteni ilikuwa imekauka, ikabidi aiazime ya karani. Akasaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mikia mingi ya madaha, akampelekea Luteni huku wino haujakauka.

"Nimefanya kazi. Andika."

Luteni akazisoma zote tatu.

"Ni kazi halali, afande. Tena nzuri. Ungeifanya Jumatatu, leo ningekuwa napanda treni na mtu mwingine." Akazikunja kwa uangalifu, akampa Eliakimu. "Orodha ilifungwa jana. Hongera, koplo. Msalimie bibi harusi."

Makao makuu yaliulizwa kwa redio nani atashika nafasi ya Kapteni. Yakajibu kwamba kombania ina watu mia na wawili, ikama ni mia na wawili, kwa hiyo hakuna nafasi.

Stesheni ya Kigoma ilikuwa imejaa magunia, mafuta ya mawese na watu. Luteni alikuwa ameamua kubaki Bangwe na polisi wake mpaka Jumapili kufanya tathmini ya jiko, na kwa kuwa makao makuu yalikuwa njiani kwa Eliakimu, alimwomba amfikishe Kapteni. Fomu ya kumhamisha afisa huchukua miezi mitatu. Iliyokuwepo karibu ilikuwa hati ya bohari ya kurudisha vifaa vya ziada.

Kapteni alikuwa amekwisha kuketi dirishani, daraja la tatu, kati ya mama mwenye kuku na gunia la samaki wakavu aina ya migebuka, begi magotini. Filimbi ya kwanza ikalia. Eliakimu aliegemeza hati kwenye behewa na kuijaza haraka, kwa mwandiko safi wa karani. Kifaa: kapteni. Idadi: mmoja. Kimepokelewa na: Koplo Eliakimu. Ilibaki nafasi ya mwisho, hali ya kifaa, na hapo kalamu ikasita, kwa sababu alikuwa kijana mwaminifu na bohari halisamehi maelezo ya uongo.

Filimbi ya pili ikalia. Eliakimu akamtazama Kapteni kwa makini mara moja zaidi, akaandika: Hakijatumika.