Kuhusu Basi Jekundu Kupakwa Rangi ya Ukungu

Parmuat Senteu,
Boma la Senteu, Malanja,
Ngorongoro.
Jumapili, baada ya kukamua.

Ndugu Meneja,
Mabasi yaliyokuwa Shangwe ya Loliondo,
Ofisi ya Stendi, Karatu.

YAH: KUBADILISHIWA BASI LETU BILA SISI KUULIZWA

Ndugu Meneja, nakusalimu wewe, nyumba yako na mifugo yako kama unayo. Kama huna, pole sana, na nitakueleza mambo ya ng'ombe taratibu, maana barua hii mtu asiyejua ng'ombe haimwingii.

Unijue kwanza. Mimi ni Parmuat Senteu wa rika la Seuri. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha mwenyewe kwa sababu niliona mwalimu ameanza kurudia rudia. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo usitafute mwingine wa kumlaumu. Ng'ombe wangu namtambua akiwa ng'ambo ya bonde, jua likinipiga usoni, na yeye amenigeuzia makalio. Uliza mtu yeyote hapa Malanja. Wako watakaobisha, hao ni wivu tu.

Malalamiko nayaweka kwa namba kama mnavyofanya watu wa ofisini.

1. RANGI. Basi letu lilikuwa jekundu kuanzia paji mpaka mkia, tumbo jeupe, na baka jeupe juu ya kioo cha mbele. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo humpi jina, rangi yake ndiyo jina lake, na ukilitaja hata mgeni anamwendea moja kwa moja zizini. Miaka yote hiyo lilipokuwa likitoka Wasso asubuhi tuliliona tangu huko chini kwenye vumbi, likipanda kama ng'ombe anayerudi kwao. Mtu alikuwa na nafasi ya kumaliza chai, kumgombeza mtoto, kufunga zizi na kushuka barabarani bila haraka.

Sasa mmelipaka kijivu. Ndugu Meneja, umewahi kufika huku juu asubuhi? Ukungu wetu ni kijivu. Vumbi letu likilowa ni kijivu. Punda ni kijivu. Mmechukua kitu kimoja tu chekundu kilichokuwa kikipita barabara hii mkakifanya kifanane na kila kitu. Halafu ubavuni mmechora mstari wa kijani unaopinda pinda, ambao kwa heshima ya ofisi yako nitasema tu kwamba sisi tukiuona nyuma ya ndama tunamtafutia dawa.

Madhara yake ndiyo haya. Mke wangu Nareyu macho yake yana wingu. Chai anamimina kidole kikiwa ndani ya kikombe ili ajue imejaa. Binti yetu Lilian, anayefanya kazi hotelini hapo Karatu, anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na Nareyu alishaanza kumshonea shanga za shingoni za harusi. Ameacha katikati. Alikuwa anatia ya chungwa mahali pa nyekundu, na watu walikuwa wanamsifu hivyo hivyo, na yeye si mjinga, akajua wanamsifu kwa huruma. Shanga zimefungwa kwenye kitambaa, zinangoja macho. Madaktari wa macho walikuja Karatu Jumatano iliyopita, Lilian akatuandikisha, akasema njooni na basi la asubuhi.

Tukashuka mapema. Mimi nilivaa vizuri kama mtu anayekwenda kwa madaktari, shuka jipya la bluu alilonitumia Lilian, na kofia ya sufu mpaka masikioni kwa ajili ya baridi. Nareyu nilimketisha kwenye jiwe nyuma yangu, nimkinge upepo. Tukangoja basi jekundu. Likaja dude la kijivu kutoka kwenye ukungu, likapiga honi. Nareyu akasema, "Baba Lilian, ndilo hilo, simamisha." Nikamwambia hilo si letu. Akasema ni letu. Nikamwambia, "Mama Lilian, kati yetu sisi wawili, nani ana macho?" Nikaliinulia fimbo kulionyesha lipite, sisi tunangoja letu.

Likapita.

Tulingoja mpaka ukungu ukaisha na jua likatuchoma. Kurudi nyumbani Nareyu hakusema neno. Ndugu Meneja, sijui nyumbani kwako ikoje. Mke wangu akisema, hiyo ni hali ya kawaida. Akinyamaza, ni heri ulale na ndama.

2. CHAPA. Nilipiga simu ofisini kwako, akapokea kijana anaitwa Benson. Kijana mwenye adabu, hilo naliandika. Akaniambia, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi, tumebadili chapa tu ili tuendane na wakati. Ni rangi tu, mzee. Huduma ni ile ile." Nikamuuliza mara mbili kama amesema chapa. Akasema ndiyo, na akasema kwa furaha.

Ndugu Meneja, ng'ombe ana chapa ya ukoo, amechomwa ubavuni angali mdogo. Mtu anayechoma chapa mpya juu ya ya zamani hatumwiti mtu wa kwenda na wakati. Tunamwita mwizi, na tunamfuata kwa miguu mpaka tumpate. Kwa hiyo nikawaeleza wazee wenzangu kwamba basi hili lina chapa mbili, ukitazama vizuri nyuma ya ngazi wekundu unachungulia chini ya kijivu. Wazee wakaona kuna jambo. Vijana wa hapa sasa wanataka basi lizuiwe mpaka aje mtu wa kuthibitisha lilizaliwa wapi na mama yake ni nani. Nimewatuliza, maana vijana wananisikiliza. Lakini sitaishi milele.

3. DUME. Nyuma ya basi palikuwa na picha ya dume mwekundu mwenye pembe za kukutana. Alimchora Qamara, fundi wa mabango hapo Karatu, na alimchora baada ya kumwona dume wangu mnadani. Qamara anakataa, anasema alichora tu ng'ombe. Hakuna ng'ombe tu. Nundu ile ninaijua. Dume yule alikufa mwaka wa ukame mkubwa, na picha yake nyingine sina, ni hiyo tu iliyokuwa ikipita kwangu kwenda Karatu na kurudi. Nilikuwa nikilitazama basi likiondoka mpaka lipotee. Watu walidhani nampungia mkono dereva.

Mmemfuta. Mahali pake mmeandika namba ya simu.

4. TRENI. Benson huyo huyo aliniambia, "Mzee, hata matreni makubwa ya Dar yana rangi mpya, kila kampuni inapendeza siku hizi." Mimi treni sijaipanda, lakini nimeiona kwenye simu ya Lilian na nimeielewa. Treni ina njia yake ya chuma, haiwezi kutoka. Hata wakiipaka rangi ya kinyonga, kitu kikija juu ya chuma kile mtu anajua ni treni, anapanda. Barabara ya kwetu inapita basi, lori la vitunguu vya Mang'ola, magari ya watalii, punda, na ukichelewa jioni anapita nyati. Hapo mtu anatambua kwa rangi. Mkitaka kutuletea mambo ya treni, tuleteeni na chuma chake.

5. JINA. Basi lilikuwa Shangwe ya Loliondo. Sasa limeandikwa VUKA. Nimekaa na neno hilo siku nzima. Kuvuka nini? Kutoka hapa mpaka Karatu hakuna mto wa kumlowesha mtu goti. Labda ni amri, kwamba sisi tulio kando ya barabara tuvuke upande wa pili. Tukishavuka?

6. DEREVA. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Remigius, dereva wenu, ni Mwiraqw wa hapo Karatu, nimemjua tangu akiwa utingo. Alikuwa na koti lake la kahawia lililochanika begani, na kichwa wazi. Nasikia sasa mmemvika tai na kofia ngumu kama mlinzi wa benki. Ndugu Meneja, mtu mzima nguo yake ndiyo uso wake wa mbali. Watu wanakuzoea nayo. Sasa mtu akiamka asubuhi akabadili nguo ghafla bila kumwambia yeyote, jirani yake afanyeje? Atampita tu njiani, na mimi sitamlaumu huyo jirani hata kidogo. Kosa ni la aliyebadili.

7. La saba lilikuwa zito kuliko yote, lakini mbuzi waliingia nikaenda kuwatoa, na nilivyorudi sikulikuta. Liache nafasi.

MAOMBI YANGU

(a) Basi lirudishiwe wekundu wake kabla ya Jumatano ijayo. Lilian ameongea na madaktari, bado wako Karatu, wamesema watampokea Nareyu siku hiyo. Wakishaondoka hawarudi mpaka mwaka kesho, na harusi ni mwezi wa kumi na mbili.

(b) Kama rangi imewaishia, tutaitoa sisi. Udongo mwekundu upo, mafuta ya ng'ombe yapo. Lileteni bomani, vijana watalipaka kwa mikono. Wakilimaliza litang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani, na nzi hawatalisogelea. Abiria wasiliegemee siku za mwanzo.

(c) Dume arudishwe. Qamara aje kwangu nimweleze nundu.

(d) Siku nyingine mkitaka kubadili, fanyeni kama mtu aliyenunua ng'ombe mnadani. Ng'ombe mgeni hafunguliwi tu akaenda. Anafungwa karibu na boma, anazoea harufu za watu, na watu wanazoea makwato yake, mpaka hata mbwa wanaacha kumbwekea. Basi lenye rangi mpya liegeshwe Malanja siku kadhaa, watu walizunguke, watoto walipande, wazee waliseme kasoro zake. Likishazoeleka, liende.

(e) Mfikirie kuwa na mshauri wa rangi. Sijitaji. Nasema tu kwamba awe mtu mzima, anayejua mifugo, aliyesoma kiasi, na anayeishi karibu na barabara.

Nikomee hapo kwa sababu karatasi inaisha, si kwa sababu hasira imeisha. Msalimie Benson, mwambie sina kinyongo naye, atafute mke. Msalimie mama wa chai pale stendi, chai yake ni nyepesi lakini moyo wake mzuri. Wasalimie mafundi wote isipokuwa aliyeshika brashi. Remigius msalimie sana, mwambie mzee wake anamngoja palepale.

Mimi niliyeachwa barabarani nikiwa nimevaa vizuri,

Parmuat Senteu

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa sufuria. Leo Jumatatu asubuhi nilishuka nayo barabarani nimpe utingo ailete kwako. Shuka la bluu limefuliwa halijakauka, kwa hiyo nilivaa lile langu jekundu la siku zote, kichwa wazi. Likaja la kijivu. Sikuinua fimbo, sikuinua chochote. Likasimama lenyewe mbele ya miguu yangu.

Mtu mwenye kofia ngumu akachungulia, akapiga kelele, "Mzee Parmuat! Ulikuwa wapi wewe? Jumatano Lilian alinipigia akasema mko barabarani. Nimefika hapa nikapunguza mwendo, nikapiga honi, naangaza angaza namtafuta mzee wa shuka jekundu. Nikamkuta jamaa wa bluu, kofia mpaka machoni, ananifukuza na fimbo! Nikajua ni mlinzi wa hoteli. Nikaenda."

Nikamwambia, "Remigius, usinitanie. Mimi nimebadili shuka tu. Mtu ni yule yule."

Akacheka, Ndugu Meneja, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na ilipodondoka nikaona kweli ni Remigius. Na abiria nao wakacheka, mpaka wasionijua. Kwa ajili ya kelele zile nikasahau kumpa utingo barua, basi likaondoka, na nikabaki nayo mkononi. Nitaituma kesho hivyo hivyo, maana nimeshaiandika na ni nzuri.

Habari hizi nilimpelekea Nareyu. Hakucheka, na hilo ni baya zaidi. Akasema honi ya Remigius anaijua tangu basi linapoanza kupanda, inaanza nzito halafu inakatika kama ndama aliyefungiwa, na hakuna gari lingine linalolia hivyo kutoka hapa mpaka Wasso. Ameamua Jumatano atasimama yeye mbele. Mimi nikae kwenye jiwe, nimeshika kitambaa chenye shanga, na fimbo niiache nyumbani.

Kwa hiyo rangi pakeni mnayotaka. Honi msiiguse.