Boksi la Wasiwasi

Jumatatu, 3 Machi
Cherehani za umeme zimefika karakanani. Zile za miguu zinaondoka Ijumaa. Mkurugenzi ameniagiza, mimi msimamizi, niwatoe mafundi hofu; Alhamisi anakuja kuona nimefikia wapi. Njia nimeshaipata! Boksi la viatu, tundu juu, maandishi mekundu: TOA WASIWASI WAKO, JINA SI LAZIMA. Mkata vitambaa akauliza kama na viatu vimo. Ana mdomo yule!

Jumatano, 5 Machi
Siku tatu, nimeambulia ganda moja la pipi. Na kesho mkurugenzi! Jioni, mafundi walipotoka, nikaandika vikaratasi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Wasiwasi mzuri mzuri, wenye majibu tayari. Mmoja anaogopa kupigwa shoti. Mwingine anaogopa msimamizi hodari kama huyu asije akahamishwa. Hapo nilijipendelea kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Aibu tupu!
Nilisoma kwa madaha, mbele ya wote, najibu papo hapo. Mkurugenzi anaitikia kwa kichwa, kapendezwa. Kikaja kimoja, mwandiko umepinda vilevile: sioni tena tundu la sindano, mwaka mzima nashona kwa kupapasa, mashine hii itaniumbua, tafadhali usimwambie mtu. Nikadhani ni changu! Nikatania kwamba huyu akashone magunia. Nikacheka. Peke yangu.
Mama Vifungo, fundi wetu mkongwe, akavua kastabini kidoleni, akaiweka mezani, akatoka. Miaka thelathini yuko hapa. Ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwake. Mke wangu kanisukuma, nisingethubutu. Mama Vifungo hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alisema tu kwamba alitumbukiza kile kikaratasi asubuhi ile kwa sababu aliniamini kama mwanawe. Nikashindwa kumtazama usoni. Nikamuuliza anataka nini. Miwani atatafuta mwenyewe. Atarudi Jumatatu, mradi nikae naye mimi, bega kwa bega, mpaka mkono uizoee mashine. Hilo tu. Nikaapa. Machozi yalinilengalenga njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Amekuja! Miwani mikubwa, kajikaza kweli kweli. Kando yake kaweka kiti kwa ajili yangu. Akanitazama mara ya kwanza, mara ya pili. Nikampungia kwamba naja, nina kazi kidogo. Na kazi ilikuwepo: aibu hii lazima nimfutie yule mama hadharani, kwa utaratibu. Boksi jipya! Maandishi ya kijani: MSAMEHE MSIMAMIZI WAKO, JINA SI LAZIMA. Ilipofika saa nane kile kiti alikuwa amekikalia mkata vitambaa, anamwelekeza taratibu, wanacheka wote wawili. Roho iliniuma.
Jioni nimefungua boksi. Tupu.
Nimeandika vikaratasi kumi, mkono wa kushoto. Safari hii nimevihesabu.