Maji ya Harusi ya Shemeji

Jumatatu, 11 Februari
Amri imefika kutoka mji mkuu. Ziwa letu la Kyzyl-Tash limeshuka mno. Hadi Aprili kila siku ina mgao wake wa maji, na hakuna kuuzidisha hata tone. Yanayobaki ni ya mashamba ya chini wakati wa kiangazi. Tena maji yaongezwe polepole, saa baada ya saa, kwa sababu mto umeganda na barafu ikishtuliwa hupasuka. Umeme utakatwa kwa zamu, kijiji kwa kijiji.

Ratiba ya mashine za umeme hapa bwawani naipanga mimi. Mkuu wetu anastaafu Machi. Tunaowania kiti ni wawili: mimi, miaka kumi na minane hapa, na Burulkan, miaka minne na kompyuta.

Mama mkwe kapiga simu. Jumamosi anamwoza Ermek, shemeji yangu. Ameuliza kama taa zitakuwepo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkwe wake ndiye anayeufungulia mto. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 12 Februari
Nimeona orodha ya zamu. Tash-Bulak, kijijini kwa mama mkwe, kando ya mto chini ya bwawa: Jumamosi, saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu. Saa ya karamu yenyewe.

Hata hivyo, nikiwaahidi mji mkuu umeme mwingi jioni ile, zamu itafutwa. Maji nitayapata kwa kubana Alhamisi na Ijumaa. Amri haisemi kwamba mgao wa leo unaweza kutumika kesho. Haisemi pia kwamba hauwezi. Nimeisoma mara tatu.

Nilimuuliza Burulkan kijuujuu tu, kama jambo la kinadharia. Akauliza ni harusi ya nani.

Alhamisi, 14 Februari
Nimebana. Mji umekatiwa umeme mara mbili na shule imefunga mapema kwa baridi. Mkuu wetu akataka maelezo. Nikasema tunaweka akiba. Neno limempendeza, akalitumia mkutanoni. Burulkan aliandika kitu kwenye daftari lake bila kuinua uso.

Jumapili, 17 Februari
Niandike ya jana, yote.

Kuongeza maji polepole kulitaka tuanze saa sita mchana, na akiba yangu ingeisha kabla ya bibi harusi kufika. Kwa hiyo niliibana ratiba: mashine zote tatu ziwashwe ndani ya robo saa. Nikawaachia wafanyakazi wa jioni karatasi ya maagizo, nikafunga tai, nikaenda harusini.

Saa kumi na mbili taa zinawaka kijiji kizima. Mama mkwe akaniwekea kichwa cha kondoo mbele yangu, wajomba wakitazama. Sijawahi kuheshimiwa vile.

Muda si mrefu tukasikia mlio kama wa turubai linalochanika. Barafu. Maji yakapanda kutoka mtoni hadi uani, yakazima moto chini ya masufuria, yakaingia barazani walikoacha viatu wageni mia na ishirini. Viatu vikaondoka vyote pamoja, kama kundi linalojua njia.

Simu ikalia. Burulkan.

“Kaka Sagynbek, watoe watu upande wa barabara, sasa hivi. Nimeiona karatasi yako. Nimeanza kufunga mashine mbili. Barafu ikikwama darajani, maji yatafika madirishani.”

Nilibeba mabibi wazee wawili mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Taa zikazimika. Maji yakaishia kizingiti cha pili. Hakuna aliyeumia, kondoo wote wapo. Karamu ikamaliziwa kwa mwanga wa malori, watu wakiwa na soksi tu miguuni.

Mama mkwe alikuja akasimama karibu nami. Hakupaza sauti.

“Mwanangu, ungetuachia giza tu. Mishumaa tulikuwa nayo.”

Jumatatu, 18 Februari
Mkuu ameanza likizo yake ya kustaafu mapema, na Burulkan anakaimu ukuu kuanzia leo. Angeweza kunimaliza. Kwenye ripoti aliandika “kosa la ratiba” tu, akasema kazi ya kumsaka aliyekosea haitashusha maji. Nilimshukuru. Akanijibu nisimshukuru, nikasome kipimo.

Kipimo ni nguzo yenye mistari pale darajani. Natakiwa kusoma kimo cha maji kila baada ya saa mbili. Njiani nimekusanya viatu sabini na kimoja. Vingi vya mguu wa kushoto.

Jumatano, 20 Februari
Baridi kali, lakini kazi hii ina akili yake. Burulkan hupanga mashine kufuatana na ninachosoma. Nikisema maji yako juu, anapunguza. Nikisema yako chini, anaongeza. Na hakuna mwingine anayeisoma nguzo.

Tarehe ishirini na nane dada wa mke wangu anamlaza mtoto kwa mara ya kwanza kwenye susu, kitanda chake cha kubembea, sherehe kubwa, na jioni hiyo ndiyo zamu yao ya giza. Nitaripoti vidole viwili tu chini ya mstari wa kweli. Vitatu, kukiwa na ulazima.

Nimemwambia mke wangu awapigie simu: waalike watu wengi.